Pwani Haiko Ziwani

Neno "pwani" limejengwa juu ya kitenzi kifupi: kupwa. Maji ya bahari yanapotoka na kuacha mchanga, mawe na mwani vikiwa wazi, tunasema yamekupwa. Na mahali yanapokupwa ndipo pwani, kwa kiambishi -ni kile kile kinachotupa nyumbani, shambani na sokoni. Aliyeliunda neno hili hakuangalia bahari ilipo. Aliangalia inapoondoka. Kwa maana yake ya asili, pwani ni ule ukanda ambao kila siku huwa bahari mara mbili na nchi kavu mara mbili.

Nalipenda neno hili kuliko mengi ninayoyafundisha, na nalifundisha nikiwa mbali na chanzo chake. Naishi Kamukuzi, kilima cha Mbarara chenye kasri la Mugabe, yaani mfalme wa Ankole, ufalme uliofutwa pamoja na falme nyingine za Uganda mwaka 1967. Baadhi ya wanafunzi wangu wako mjini, wengine wako Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro, makazi ya wakimbizi yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda na ambayo leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine wengi. Huko Kiswahili kina kazi kubwa kuliko mtihani. Kinanunua mihogo sokoni, kinasuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba, kinaposa. Ila ni Kiswahili cha watu wa maziwa na milima. Tulipofika kwenye kupwa na kujaa, mama mmoja aliyekulia Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, aliniuliza kwa Kiswahili cha kwao: "Mwalimu, ile maji inaendaka wapi?"

Swali hilo linastahili kuheshimiwa. Ziwa Nakivale, linaloonekana kutoka vilima vya makazi yale, ni ziwa la kina kifupi lenye mafunjo na viboko, likilishwa na Mto Rwizi unaopita Mbarara. Mvua zikinyesha hupanda, kiangazi kikikaza hushuka. Mabadiliko yake ni ya misimu na miaka. Hata Ziwa Victoria, kwa ukubwa wake wote, halipwi. Mwezi huyavuta maji yake pia, lakini kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Mwaka 2020 lilipopanda mno likafunika magati na nyumba za wavuvi, watu hawakusema limejaa kwa maana ya bahari. Walisema mafuriko. Kujaa kwa bahari ni ahadi. Mtu huijua saa yake na hupanga kazi zake kwayo. Mafuriko hayana saa.

Ndipo nikagundua jambo ambalo lugha yenyewe ilikuwa imelitambua zamani. Wasikilize watu wakisema, soma magazeti: utakutana mara nyingi na "mwambao wa Ziwa Tanganyika" na "mwambao wa Ziwa Nyasa". "Pwani ya Ziwa Tanganyika" ni nadra, na likitokea sikio hushtuka kidogo. Kwa nini mwambao lisafiri na pwani libaki? Jibu limo katika vitenzi. Mwambao umetoka kwa kuambaa, kupita karibu na kitu bila kukigusa. Chombo kikiiambaa nchi, wasafiri huiona nchi ubavuni mwao, na nchi hiyo inayopitwa ndiyo mwambao. Pwani alilitaja aliyesimama mchangani kwa miguu. Mwambao alilitaja aliyekuwa chomboni. Mitumbwi na meli ziko ziwani pia, na huambaa huko kama baharini, kwa hiyo mwambao ulipandishwa bara bila taabu. Maji ya kupwa hayapandi bara. Neno lake lilibaki nayo.

Watu wa Mbarara wakitaka mapumziko ya kisiwani huteremka Masaka hadi Bukakata na kupanda kivuko cha bure kwenda Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Visiwa vya Ssese. Ni visiwa 84, na uzuri wake sihitaji kuutetea. Lakini nilitaka kwenda mahali ambapo neno lilizaliwa. Lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyochaguliwa mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930 kuisimamia kazi hiyo. Kamati hiyo ilihamia Makerere mwaka 1952. Kwa miaka kadhaa, basi, dawati la kupimia maneno ya Unguja lilikuwa Uganda, kilimani Kampala. Nilikwenda kuyatembelea maneno kwao.

Kabla sijafika huko, nilikaa nikahesabu yale ambayo bahari ilikuwa imeshatupa sisi wa bara bila sisi kuyaona. Mtoto wa Isingiro anayechora ramani ya Uganda na kuandika "kaskazini" juu na "kusini" chini anataja pepo mbili za mabaharia. Kaskazi huvuma kutoka upande wa Arabuni na Bara Hindi, tangu mwisho wa mwaka hadi Machi au karibu na hapo. Ndiyo iliyokuwa ikivileta vyombo vya matanga Unguja, Mombasa na Lamu. Kusi huvuma kinyume chake, kuanzia masika hadi karibu Septemba, na ndiyo iliyovirudisha. Mahali inapotoka kaskazi ni kaskazini, inapotoka kusi ni kusini. Dira yetu ya darasani, mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote, imeandikwa kwa upepo.

Mengine ni hivyo hivyo. Nahodha ni neno la Kiajemi lenye maana ya bwana wa chombo; leo kila timu ya mpira ina nahodha wake, hata inayocheza kwenye vumbi la Nakivale. Nauli ilikuwa malipo ya kupakia mzigo au mtu melini, na Waarabu wenyewe waliichukua kwa Wayunani; leo ndiyo anayotoa abiria wa basi la Kigoma. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa lori. Chombo chenyewe, ambacho kwetu ni sahani, sufuria au hata redio, kwa mtu wa pwani ni kwanza kitu kinachoelea na kubeba watu. Nasi tunaposema mambo yamekwenda mrama, tunaeleza jinsi chombo kinavyolala huku na huku kwa mawimbi, ingawa wengi wetu hatujawahi kukaa ndani yake. Pale Mbarara tuna mtaa unaoitwa Boma. Hilo nalo ni neno lililopanda na misafara na serikali ya kikoloni likakaa kilimani.

Katika uwanja wa ndege wa Unguja niliulizwa kwanza kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kama anavyoulizwa kila atokaye Uganda. Niitaje hapa kwa sababu homa hiyo itarudi katika habari hii. Kisha nikaulizwa, kwa upole wa kule, "Umetoka bara?" Jiografia ya shule imetuzoesha kwamba bara ni Afrika, Asia, Ulaya. Kwa mtu wa visiwani bara ni nchi kavu ile pana iliyo ng'ambo ya maji, na kila aishiye huko ni wa bara, awe wa Bagamoyo au wa Bushenyi. Maana hii ni kongwe kuliko ya shule, kwa kuwa Kiarabu kilichotupa neno hilo huita barr nchi kavu tu, ikikabiliana na bahari. Aliyesimama kisiwani huona mambo mawili: maji na bara. Hapo ndipo kisiwa kinapoanza kufundisha, kwa kuipunguza dunia ikatosha maneno mawili.

Mji Mkongwe wenyewe ni kamusi ya mahali. Soko kuu linaitwa Darajani, nawe hutaona daraja. Lilikuwepo, juu ya hori la bahari lililokuwa likiutenga mji na mitaa ya upande wa pili. Hori likafukiwa, barabara ikapita juu yake, na jina la daraja likabaki pamoja na jina la mitaa ile: Ng'ambo. Kwetu katika Maziwa Makuu ng'ambo ni upande wa pili wa mto, wa ziwa, na mara nyingi wa mpaka. Watu wengi wa Nakivale wameitumia kwa maana iliyojaa hofu na nafuu kwa pamoja, ng'ambo walikovukia. Pale Unguja ng'ambo haina maji tena ya kuvuka, lakini neno linayakumbuka.

Mashua za kwenda Kisiwa cha Changuu hupatikana ufukweni karibu na Mtini, mti mkubwa wa barabara ya Mizingani ambao watu wa boti hukaa kivulini mwake. Nilifika asubuhi maji yakiwa yametoka. Naomba nikae hapa kidogo, maana ndicho nilichokifuata. Boti zilikuwa zimelala ubavu juu ya mchanga uliolowa. Nanga ya mojawapo ilionekana yote, pembe moja imezama mchangani, na kamba yake imelegea chini ikiwa na nywele za kijani za mwani. Kwenye ukuta palikuwa na mstari, chini yake jiwe jeusi na chaza, juu yake jiwe kavu. Mstari huo ulikuwa juu ya kichwa changu. Majani ya bahari yaliyobaki mchangani yote yalikuwa yamelalia upande mmoja, upande maji yalikoelekea. Kaa wadogo walikuwa wakitoka mashimoni. Watoto wawili walikuwa wakicheza mpira mahali ambapo jioni ile ile niliona boti zikielea.

Nahodha alikuwa mtu mzima, mtaratibu, aliyenisikia nikiuliza maneno badala ya bei. Nikamwambia kazi yangu, akaanza kuniita maalim. Nilimwuliza kwa nini maji yametoka kiasi hicho. "Bamvua hili, maalim. Mwezi mpevu. Ungekuja wiki ya jana, maji mafu, yasingekwenda popote." Katika maneno hayo machache kulikuwa na elimu nzima. Bamvua ni wakati wa maji kujaa sana na kupwa sana, mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, jua na mwezi vinapovuta kwa mstari mmoja. Maji mafu ni nusu ya mwezi, vinapovuta kwa pande tofauti, na bahari ikawa kama imekosa nguvu. Unguja tofauti ya maji ya bamvua hufika karibu mita 4. Na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa kama dakika 50, ndiyo sababu mtu wa pwani hahitaji kuambiwa mwezi una siku ngapi, anazisoma ukutani.

Nilimpa na swali la mama wa Uvira. Yanakwenda wapi? Alinyoosha mkono kuelekea bahari kuu. "Yanakwenda kwa wenzetu. Yakitoka hapa, yamejaa kwingine. Hayapungui hata kibaba." Mwalimu wa fizikia angeongeza habari ya mvutano na mzunguko wa dunia, lakini asingelisahihisha jibu hilo.

Hata sarufi ilinifurahisha mchangani pale. Hakuna aliyesema "yamepwa". Wote walisema "yamekupwa", na ile ku- ikabaki mahali pake kama inavyobaki katika amekula, amekunywa, amekufa, amekuja. Vitenzi hivi vya silabi moja ni vichache, na ni vya mambo ambayo binadamu hawezi kuishi bila kuyataja: kula, kunywa, kuja, kufa. Watu wa pwani waliliweka tendo la bahari kuondoka katika orodha hiyo hiyo. Lugha haifupishi isichokitaja kila siku.

Changuu si mbali. Chini ya kilomita 6 kutoka mjini. Ni kisiwa kidogo unachoweza kukizunguka kwa miguu kabla jua halijakali, chenye miti, matumbawe, hoteli na kundi la makobe wakubwa. Jina lake limetokana na changu, samaki wa maji yale anayependwa mno kuchomwa. Lakini mabango ya watembeza wageni yanakiita kwa jina la Kiingereza lenye maana ya kisiwa cha gereza, na wageni wengi huondoka bila kujua kwamba kina jina jingine. Nilihuzunika kwa hilo, kwa sababu jina la samaki linataja kitu ambacho bado kipo majini, na jina la gereza linataja jengo ambalo halikuifanya kazi yake. Jengo la gereza lilijengwa mwaka 1893 kwa amri ya Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri wa kwanza wa Sultani, na halikupata kufunga wahalifu. Liligeuzwa kituo cha karantini, hasa kwa hofu ya homa ya manjano, ile ile niliyoulizwa kadi yake uwanjani. Wasafiri wa melini waliwekwa pale hadi siku zao zitimie. Kabla ya hapo, zama za Sultani Majid, kisiwa kilikuwa kimetumiwa kuwazuilia watumwa walioonekana wakaidi, wakingoja kuuzwa au kusafirishwa. Huo ndio ufungwa wa kweli uliotokea Changuu, na hakuna jina lolote la kisiwa linaloutaja.

Neno "gereza" lenyewe lina safari ya ajabu. Wachunguzi wengi wa asili ya maneno hulirudisha kwa Wareno, kwa neno lao la kanisa, igreja. Kanisa la Wareno lilikuwa mahali ilipo Ngome Kongwe ya Unguja. Waomani walipowatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17 wakajenga ngome juu yake, watu wakaendelea kuliita jengo kwa jina la kanisa, na ngome ikatumika kufungia watu. Kanisa likawa ngome, ngome ikawa kifungo, na neno likabaki lile lile. "Karantini" nalo limetoka kwa Waitalia na siku zao 40 za kuzuia meli bandarini. Tulilisoma vitabuni tu hadi mwaka 2020, corona ilipolifanya neno la kila nyumba.

Nikiwa katika ua wa jengo lile niliwaza Nakivale, kwa kuwa nako majina ya mahali watu walipowekwa yana uzito. Wengi wetu husema kambi. Serikali ya Uganda haitumii neno la kambi, kwa sababu mkimbizi hupewa kiwanja cha kujenga na kulima, na Kiswahili cha kiofisi husema makazi. Neno makazi limetoka kwa kukaa. Kambi ni ya kung'olewa kesho. Mtu aliyezaliwa Nakivale, akaoa Nakivale, akazika wazazi wake Nakivale, anaishi katika makazi hata kama mdomo wake unasema kambi. Nami nawaambia wanafunzi wangu wachague neno wakijua linachodai.

Makobe wa Changuu walinipa somo jingine. Wale wa kwanza wanne waliletwa mwaka 1919, zawadi ya gavana wa Shelisheli, na ni wa jamii ya Aldabra. Wengine wameandikwa umri kwa rangi mgongoni. Mtunzaji alinipa majani nimlishe mmoja. Alinyoosha shingo taratibu, akafunga mdomo juu ya jani, akavuta. Ngozi ya shingo ilikuwa ngumu na yenye mikunjo, na pumzi yake ilisikika. Mgeni mmoja aliyejifunza Kiswahili kwa vitabu alimwita kasa, na mtunzaji akamwambia kwa upole, "Huyu kobe. Kasa yuko majini." Kobe ana miguu ya kutembea, kasa ana mapezi ya kuogelea. Kobe anaweza kufa maji. Kasa hupanda nchi kavu kutaga tu. Sisi wa bara mara nyingi tunalijua neno kobe peke yake, kwa hadithi zake na sungura, na kasa hubaki jina lisilo na sura. Tangu siku hiyo lina sura.

Tulirudi kwa kupitia fungu la Nakupenda. Neno fungu nalijua kama sehemu ya kitu kilichogawanywa, fungu la nyanya sokoni. Baharini ni mchanga uliojikusanya. Nakupenda ni fungu jeupe lisilo na mti wala jiwe, ambalo kwa saa chache huwa mahali pa mapumziko: watu wa boti huleta miavuli, meza, matunda, samaki wa kuchoma, na kabla ya maji kujaa huvikusanya vyote na kuondoka. Jioni hakuna kitu. Je, hicho ni kisiwa? Nahodha alisema hapana, bila kufikiri. "Kisiwa hulala juu usiku. Hiki ni kipwa."

Kipwa. Kitenzi kile kile tena, safari hii kimevaa ki-. Ni mwamba au fungu linaloonekana bahari ikipwa na kufunikwa ikijaa. Nani angedhani kwamba maneno hayo ya ufukweni yanagusa sheria ya mataifa? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unatenga vitu viwili. Kwa ibara ya 121, kisiwa ni ardhi iliyofanyika kwa asili, iliyozungukwa na maji, na ambayo hubaki juu ya maji hata wakati wa kujaa. Kwa ibara ya 13 kuna ardhi inayoonekana wakati wa kupwa tu, na haki zake za kupimia mipaka ya bahari ni ndogo mno. Tofauti hiyo huamua nani anamiliki samaki, mafuta na gesi kwenye eneo kubwa la maji. Walioandika mkataba kwa Kiingereza walihitaji fungu zima la maneno kuitaja ardhi ya namna ya pili. Wavuvi wa Unguja wana neno la silabi mbili. Mfasiri wa sheria akiuliza Kiswahili kina istilahi gani kwa jambo hili, asitunge. Aende Malindi ya Unguja asubuhi aulize.

Hapo ndipo fikra yangu ilipotua, na ndilo jambo ninalotaka kulisema kwa wenzangu wote tunaofundisha Kiswahili mbali na bahari. Istilahi nyingi tunazozihangaikia ofisini zipo tayari midomoni mwa watu wa kazi. Tunazikosa kwa sababu tunazitafuta kwa kutafsiri. Nasi tukiwafundisha watoto maneno bila vitu vyake, wanayashika kama namba za simu za watu wasiowajua. Mtalii ni neno ambalo laweza kutusaidia. Kutalii kumetoka kwa kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kusoma kwa makini, kudurusu, na ndugu yake ni mtalaa, kazi ya mtu kujisomea. Kwa hiyo mtalii wa kweli ni msomaji wa mahali. Aliyefika Changuu akapiga picha na makobe bila kuuliza changu ni nini, amepumzika, na kupumzika si vibaya, lakini bado hajatalii.

Wala mzigo haupaswi kusafiri upande mmoja. Bara nako kuna maneno ambayo pwani inayahitaji. Mahali wavuvi wanapopandisha samaki panaitwa mwalo. Neno hilo ni la Ziwa Victoria, Waganda wanasema omwalo, na serikali ya Tanzania huzungumzia mialo katika shughuli zake za uvuvi. Limeshinda kwa sababu ni fupi na linataja kitu kimoja tu. Bandari ni kubwa mno, gati ni la kujengwa, ufukwe ni mchanga wowote. Mwalo ni pale samaki anapopimwa. Angalia pia chungu ya samaki wadogo wakavu katika soko la Nakivale. Muuzaji huiita mukene, kama wanavyoiita Uganda. Mrundi anaulizia ndagala. Aliyetoka Bukavu anasema sambaza. Mtanzania anasema dagaa. Wengine watasema ni ubishi wa majina tu. Kumbe majina yanalinda elimu. Mukene wa Ziwa Victoria, ndagala wa Tanganyika na sambaza wa Kivu si samaki wa aina moja, na sambaza mwenyewe si mwenyeji wa Kivu, alipandikizwa huko kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Dagaa wa Unguja ni wa bahari, huchemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa, na wafanyabiashara wa Kongo huwafuata hadi kisiwani. Samaki hao wanakutana kwenye magunia kabla maneno yao hayajakutana kwenye kamusi.

Mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Unguja. Ofisi na shule, basi, zipo. Linalobaki ni sisi walimu kuandika tunayoyasikia: mvuvi wa Nakivale anaiitaje sehemu ya ziwa yenye mafunjo, mama wa Uvira anauitaje upepo wa jioni unaozamisha mitumbwi, Msomali wa pwani ya Benadiri anayaitaje maji mafu. Nimewapa wanafunzi wangu kazi hiyo muhula huu, kila mmoja na daftari lake, kwa sharti moja: wasiniletee neno lolote bila jina la kazi ambayo neno hilo huifanya. Yatakayokusanywa tutayapeleka Unguja, na kipwa nimeshakileta Isingiro. Mama wa Uvira alipolisikia alilirudia mara moja, akaliandika, kisha akataka kujua kama fungu la mchanga linaloonekana mdomoni mwa mto kiangazi kikikaza linaweza kuitwa hivyo. Tulijadiliana darasa zima tukaona la, kwa kuwa lile hungoja msimu na kipwa hungoja saa. Kwa hiyo sasa tunatafuta jina la lile la mtoni, na sina shaka kuna mvuvi anayelijua.